Tomatilo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ladha yake na namna ya kuipika

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa ndugu na marafiki, wengi wao wakiishi Marekani na Kanada. Wameingia duka la Wameksiko, wakaona tunda la kijani lililovikwa ganda kama karatasi, wakanunua, kisha wakafika nyumbani wasijue pa kuanzia. Anayelifahamu tunda lenyewe aruke hadi swali la 6. Hapo nimeandika kwa kirefu kwa sababu mambo mengi yanayoharibika jikoni huanzia hapo.

## Kulifahamu tunda

1. Tomatilo ni nini?

Ni tunda la mmea wa jamii moja na nyanya, biringanya na viazi mviringo. Asili yake ni Meksiko na Guatemala, na jina lake la kitaalamu ni *Physalis philadelphica*. Lipo dogo kama gololi na lipo kubwa kama yai la kuku. Ganda lake lilikuwa kikombe kidogo cha kijani kilichoshika ua. Ua likishaanguka, kikombe hicho huendelea kukua hadi kikalifunika tunda lote kama mfuko.

Ukilikata, hukuti vyumba vyenye ute kama vya nyanya. Nyama imeshikana, nyeupe kwa kijani, na mbegu ndogo zimetapakaa kote. Ukoo wake ni mkongwe sana. Mwaka 2017 wanasayansi walitangaza visukuku vya matunda ya ukoo wa Physalis vilivyopatikana Patagonia, Argentina, vyenye umri wa miaka milioni 52, na ganda lake bado lilionekana kwenye jiwe.

2. Si nyanya mbichi tu hizi?

Hapana. Nyanya mbichi ni nyanya ambayo haijaiva, na ukiiacha itakuwa nyekundu. Tomatilo inaliwa na kupikwa ikiwa ya kijani kwa sababu huo ndio wakati ladha yake imekamilika. Ukiiacha zaidi, aina nyingi hugeuka njano, na nyingine zambarau, lakini haigeuki nyanya. Kuhusu kutumia moja mahali pa nyingine, tazama swali la 13.

3. Ina undugu na ntuntunu? Na nyanya chungu je?

Ntuntunu, kama Waganda wanavyoiita, ni ndugu yake wa karibu. Ni tunda dogo la rangi ya dhahabu lenye ganda lilelile la karatasi, na lilitoka milima ya Andes huko Amerika Kusini. Wakikuyu hulijua kwa jina la nathi. Ganda ni moja, kazi ni mbili: ntuntunu ni tamu na huliwa kama tunda, tomatilo ni ya mchuzi. Ukitengeneza salsa (mchuzi wa Kimeksiko) kwa ntuntunu utapata kitu kinachoelekea jamu.

Nyanya chungu, au ngogwe, iko mbali zaidi. Ni ya upande wa biringanya, na ladha yake ni uchungu. Tomatilo ina ugwadu, yaani ukali wa ndimu na ukwaju. Tofauti hii ni muhimu, kwani wapo walionunua tomatilo wakizitia kwenye mchuzi wa dagaa kama ngogwe, kisha wakashangaa mchuzi umekuwa mkali wa kufumba macho.

4. Kwa nini Wameksiko wengine wanaiita "tomate"?

Kwa sababu jina hilo lilikuwa lake tangu mwanzo. Katika Kinahuatl, lugha ya Waazteki, *tomatl* ni tunda la mviringo lenye maji. Nyanya nyekundu ikaitwa *xitomatl*, na tomatilo ya shambani ikaitwa *miltomatl*, kutokana na *milli*, shamba. Wahispania walilichukua neno la kwanza wakalipa tunda jekundu, na ndivyo lilivyosambaa duniani. Mpaka leo katikati ya Meksiko ukiomba *tomate* utapewa ya kijani. Nyekundu ni *jitomate*. Kaskazini mwa nchi ni kinyume chake. Sokoni utasikia pia *tomate verde* na *tomate de cáscara*, yaani nyanya ya ganda. Oaxaca na Guatemala, zile ndogo huitwa *miltomate*.

Bernardino de Sahagún, mtawa wa Kihispania wa karne ya 16 aliyeandika maisha ya Waazteki kwa Kinahuatl, alieleza wauzaji wa michuzi sokoni iliyochanganywa pilipili, tomatl na mbegu za maboga zilizosagwa. Mchanganyiko huo bado unapikwa leo, na tutaufikia kwenye swali la 16.

## Ladha

5. Ladha yake ikoje?

Ikiwa mbichi, kinachokupiga kwanza ni ugwadu. Ni mkali lakini hauchomi kama wa ndimu. Uko karibu na embe bichi lililoanza kuwa na maji, au tufaha la kijani. Nyuma yake kuna harufu ya majani yaliyokatwa sasa hivi, na mwishoni kabisa utamu mdogo. Tomatilo changa sana huacha na ukakasi kidogo ulimini, kama ndizi ambayo haijaiva.

Ugwadu huo unatokana na asidi ya limau na asidi ya tufaha zilizomo ndani ya nyama. Lakini kinachoitofautisha na ndimu au siki ni kwamba ugwadu wake una mwili. Tomatilo ina pektini nyingi, ile inayogandisha jamu, kwa hiyo ukiisaga inakuwa mchuzi mzito wenyewe bila unga, bila krimu, bila nazi. Ndimu hukupa ukali tu. Tomatilo hukupa ukali pamoja na mchuzi wenyewe, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote.

6. Ladha inabadilikaje ikipikwa? Nichemshe, nichome, au nitumie mbichi?

Tunda moja, chumvi ileile, pilipili ileile: ukibadilisha namna ya kulipitisha motoni unapata michuzi ambayo mgeni hatajua imetoka kwenye kikapu kimoja.

*Mbichi.* Saga tomatilo na pilipili, kitunguu, majani ya giligilani (dania kwa Wakenya, kotmiri kwa watu wa pwani) na chumvi. Ugwadu uko juu kabisa, harufu ya majani iko wazi, rangi ni kijani kibichi. Salsa hii inafaa vyakula vyenye mafuta: nyama ya kuchoma, samaki wa kukaanga, mayai. Iliwe siku hiyohiyo, kwa sababu kesho yake imeshapoa ladha. Wapishi wengi hutia parachichi humo, na mafuta ya parachichi huutuliza ukali bila kuuua.

*Ya kuchemsha.* Weka tomatilo nzima kwenye maji, pasha moto hadi yaanze kutokota, kisha punguza. Ndani ya dakika 5 hadi 10 rangi itafifia kutoka kijani cha jani hadi kijani cha zeituni. Zima moto hapo, kabla hazijapasuka. Ikipasuka, utomvu wake wote unamwagika ndani ya maji, na unachosaga baadaye ni ngozi na mbegu. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi. Ladha ya ya kuchemsha ni tulivu, safi, ugwadu wake umelainika, na ndiyo inayofaa kumwagiwa juu ya chakula kingi, kama enchilada au chilaquiles (swali la 16).

*Ya kuchoma.* Huko Meksiko hutumia *comal*, sahani bapa ya udongo au chuma isiyotiwa mafuta, ambayo chapati ingejisikia nyumbani juu yake. Kikaango kizito kikavu kinatosha, au oveni yenye moto wa juu. Ziache ziungue madoa meusi upande mmoja, dakika 5 hadi 7, kisha geuza. Zitalainika na kuvuja maji ya kahawia kidogo. Maji hayo usiyamwage, yatie kwenye mashine pamoja nazo. Moto huutoa utamu uliokuwa umejificha, harufu ya moshi inaingia, na ugwadu unakuwa wa mviringo zaidi. Choma na pilipili, kitunguu na punje za kitunguu saumu zikiwa na maganda yake.

*Ya kukaanga baada ya kusagwa.* Hii ni hatua ya pili, juu ya mojawapo ya zile tatu. Pasha mafuta vijiko viwili kwenye sufuria pana hadi yawe moto kweli, kisha mwaga mchuzi uliosagwa wote kwa mkupuo. Utaruka, kwa hiyo simama mbali. Koroga dakika 5 hadi 10. Rangi itaiva, mchuzi utakuwa mzito, na ule ubichi wa kitunguu na pilipili utaondoka. Sisi tunaojua kuunga nyanya hadi mafuta yajitenge hatuhitaji kufundishwa hatua hii. Ni akili ileile.

Mtu akiniuliza aanze na ipi, namwambia achome. Ya kuchoma husamehe makosa mengi.

7. Za zambarau na za njano zina ladha gani?

Za zambarau ni tamu zaidi na ugwadu wake ni mdogo. Ni nzuri zikiwa mbichi, ila zikipikwa rangi yake hupotea na mchuzi huwa wa kahawia. Za njano kwa kawaida ni zile zilizoiva kupita. Zina utamu, ugwadu umepungua. Hazijaharibika. Zichanganye na za kijani nusu kwa nusu, au zipike jamu. *Miltomate*, zile ndogo kama gololi, ladha yake imekolea kuliko kubwa, na ukizipata usiziache.

8. Mchuzi wangu umekuwa mchungu. Nimekosea wapi?

Tofautisha kwanza uchungu na ugwadu. Ikiwa ni uchungu wa kweli, sababu huwa mojawapo ya hizi: hukuosha ule unato wa juu (swali la 11), uliziunguza hadi zikawa mkaa badala ya madoa, zilikuwa changa mno, au kitunguu saumu kiliungua. Kitunguu saumu ndicho mkosaji wa mara nyingi, kwa kuwa huungua kabla ya tomatilo kulainika. Kitoe mapema.

Mchuzi ulioungua hauponi. Uliokuwa na uchungu kidogo unaweza kuokolewa kwa chumvi ya kutosha, kijiko cha krimu au parachichi.

9. Umekuwa na ugwadu kupita kiasi. Nifanyeje?

Onja chumvi kwanza. Tomatilo isiyokolea chumvi huonekana kali kuliko ilivyo. Kisha ongeza kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa na utamu, au sukari robo kijiko cha chai, ukionja kila mara. Kuupika zaidi kwenye mafuta pia husaidia.

Wapo wanaotia magadi ya kuokea, chembe kidogo kwa nusu kilo. Hutoa povu na hupunguza asidi kweli, lakini ukizidisha mchuzi una ladha ya sabuni. Mimi huiacha iwe njia ya mwisho.

## Kununua, kuosha, kuhifadhi

10. Nichague ipi dukani?

Shika. Tunda liwe gumu na liwe limejaza ganda lake. Ganda likipwaya, tunda bado changa. Ganda likiwa limepasuka kidogo kwa chini, ni dalili nzuri kwamba tunda limekua vya kutosha. Funua kidogo uone ngozi: iwe inang'aa, isiwe na mikunjo wala madoa laini. Usitishwe na ganda la kahawia lililokauka, ilimradi halina ukungu.

Ya wastani ina uzito wa gramu 34 hivi, kwa hiyo nusu kilo ni kama 15.

11. Kwa nini inanata? Ni dawa ya kuulia wadudu?

Ni utomvu wa mmea wenyewe. Chini ya ganda, ngozi imepakwa kitu kinachonata ambacho hulisaidia tunda kujikinga na wadudu. Kina uchungu kidogo, hivyo kioshe: menya ganda, loweka tunda kwenye maji ya vuguvugu dakika chache, lisugue kwa vidole. Ukiosha kwa maji baridi utasugua mpaka uchoke. Unato kidogo ukibaki hauna madhara. Ngozi yenyewe haimenywi.

12. Zinakaa muda gani? Zinaweza kugandishwa?

Zikiwa na maganda yake, kwenye mfuko wa karatasi ndani ya friji, hukaa wiki 2 hadi 3. Usizifunge kwenye plastiki, zitatoa jasho na kuoza. Za kugandisha zimenye, zioshe, zikaushe, kisha zitie friza nzima nzima. Zikiyeyuka huwa laini, kwa hiyo hazifai tena kwa salsa mbichi, ila kwa kuchemsha na kuunga hutaona tofauti. Salsa iliyopikwa nayo inagandishika vizuri.

13. Sipo Marekani, na sokoni hazipo. Nitumie nini?

Nyanya mbichi ngumu za kijani pamoja na maji ya ndimu ndizo zinazokaribia: nusu kilo ya nyanya kwa ndimu moja, na zichome ili ule ubichi wa majani upungue. Ukiwa Zanzibar au Mombasa na una mbirimbi uani, birimbi mbili tatu humo hufanya kazi nzuri kuliko ndimu. Ni kali sana, usizidishe. Embe bichi hukupa ugwadu lakini huleta harufu yake.

Tusidanganyane, hakuna kati ya hizi inayotoa ladha yenyewe. Utapata mchuzi mzuri wa kijani, na huo nao ni chakula.

14. Za kopo zinafaa?

Zinafaa kwa mchuzi wa kupikwa. Zimeshachemshwa, kwa hiyo mwaga maji yake, zisuuze kwa sababu ya chumvi, saga, kisha ukaange kwenye mafuta. Kwa salsa mbichi hazifai kabisa, na kuzichoma ni shida kwa kuwa zimelowa. Hapa Ulaya wengi hupata hizi tu, hasa wakati wa baridi, nami nimezitumia bila kinyongo.

## Vyakula

15. Salsa verde ya kuanzia inatengenezwaje?

Tomatilo nusu kilo, pilipili mbichi 2 au 3, robo ya kitunguu maji kikubwa, punje 1 ya kitunguu saumu, majani ya giligilani konzi moja, chumvi kijiko kimoja cha chai. Wameksiko hutumia pilipili aina ya *serrano* au *jalapeño*. Ukitumia pilipili mbuzi, anza na nusu moja bila mbegu, maana ukali wake ni wa daraja jingine.

Choma kila kitu isipokuwa giligilani kama nilivyoeleza kwenye swali la 6. Menya kitunguu saumu. Saga kwa kugusagusa kitufe, usiache mashine iende mfululizo. Salsa iwe na chembechembe. Wenye *molcajete*, kinu cha jiwe la volkano, huanza na chumvi na kitunguu saumu, kisha pilipili, tomatilo mwisho. Tia giligilani iliyokatwa. Onja. Usiongeze ndimu kabla ya kuonja, kwa kawaida haihitajiki.

16. Zaidi ya salsa, wenyewe wanapikia nini?

Mengi. *Chilaquiles* ni tortilla (chapati nyembamba za mahindi) za jana zilizokatwa na kukaangwa, zikatiwa kwenye salsa ya kijani hadi zianze kulainika, na juu jibini, krimu na kitunguu. Ni kifungua kinywa. *Enchiladas verdes* ni tortilla zilizoviringishwa na kuku ndani, zikamwagiwa salsa ya kuchemsha.

*Pozole verde* ni sifa ya jimbo la Guerrero, ambako Alhamisi ndiyo siku ya pozole. Mahindi makubwa hupikwa na chokaa hadi ngozi itoke, kisha huchemshwa mpaka yachanue kama maua. Mchuzi wake ni wa tomatilo, majani na mbegu za maboga zilizosagwa. Anayekula makande ataielewa sahani hii kabla hajaelezwa.

Halafu kuna *pipián verde*, na hii ndiyo ningeomba kila mtu aijaribu. Kaanga kavu mbegu za maboga zilizomenywa, kikombe kimoja, hadi zivimbe na kupasukapasuka, zisiwe kahawia. Zisage na tomatilo 8 za kuchemsha, pilipili, giligilani, kitunguu, kitunguu saumu na supu ya kuku. Mwaga kwenye mafuta ya moto, koroga kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20, ukiongeza supu kila unapokuwa mzito. Mafuta ya mbegu yataanza kuelea juu. Tia kuku aliyekwisha kuchemshwa. Mbegu huleta unono, tomatilo huukata, na kila kimoja kinakihitaji kingine. Mpishi wa pwani anayejua kwa nini mchuzi wa nazi hutiwa ndimu au ukwaju atatambua mizani hiyo mara moja.

Guatemala wana *jocón*: kuku katika mchuzi wa miltomate, giligilani, majani ya kitunguu, mbegu za maboga na ufuta, ukifanywa mzito kwa tortilla iliyolowekwa.

17. Sili nguruwe. Mapishi mengi ya mchuzi wa kijani yana nguruwe. Nitumie nini?

Kuku wa vipande vyenye mifupa, au mbuzi. Mbuzi mchemshe kwanza hadi alainike, kisha umtie kwenye mchuzi uliokwisha kukaangwa, uviache dakika 20 pamoja. Usimchemshe mbichi ndani ya tomatilo tangu mwanzo, kwa sababu mchuzi hupoteza uhai wakati unamsubiri. Badala ya mafuta ya nguruwe tumia mafuta ya kawaida ya kupikia. Maharage na viazi pia hukaa vizuri humo. Huko Meksiko wanaweka hata *verdolagas*, mboga ya majani manene yenye ugwadu wake.

18. Nitie bizari?

Kidogo, au usitie. Bizari nyembamba hutokea katika baadhi ya mapishi, lakini bizari ya mchuzi, manjano na garam masala hufunika harufu ya majani ambayo ndiyo uhai wa tunda hili. Ukitaka kuipika kwa njia yako, ipike. Ila kwanza ionje ilivyo.

19. Nyumbani kwetu naweza kuila na nini?

Salsa ya kuchoma kando ya nyama choma, mihogo ya kuchoma, samaki wa kukaanga au viazi karai. Inasimama mahali pa chatini ya embe au ukwaju. Mbichi iliyokatwa vipande vidogo sana inaingia kwenye kachumbari, na hapo punguza ndimu.

## Maswali ya pembeni

20. Sufuria ya aluminiamu inafaa?

Kwa kuchemsha dakika chache, sawa. Kwa kupika mchuzi muda mrefu au kuuacha ulale humo, hapana. Asidi hula aluminiamu na mchuzi hupata ladha ya chuma na rangi ya kijivu. Tumia chuma kisichoshika kutu, sufuria iliyopakwa enameli, au chungu. Hili linatuhusu sana, kwa sababu sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu.

21. Salsa imeganda kama jeli ndani ya friji. Imeharibika?

Hapana. Ni ile pektini ya swali la 5. Tia maji kijiko kimoja au viwili, koroga, onja chumvi upya.

22. Kwa nini rangi ya kijani imepotea?

Joto na asidi vikikutana huibadilisha ile rangi ya kijani ya majani kuwa ya zeituni. Hakuna kosa. Ukitaka kijani cha kung'aa, saga giligilani au majani ya spinachi pamoja na mchuzi mwishoni, usichemshe tena.

23. Inaweza kuliwa mbichi? Na ganda je?

Tunda lililokomaa linaliwa mbichi bila shida. Ganda, majani na shina haviliwi, kwani vina kemikali chungu zenye sumu, kama ilivyo kwa ndugu zake wengi wa jamii ya nyanya.

Lakini kuna desturi ya zamani inayostahili kujulikana. Huko Meksiko wapishi huchemsha maganda makavu machache, wakachuja maji yake na kuyatia kwenye unga wa *tamales* (unga wa mahindi uliofungwa na kupikwa kwa mvuke) au *buñuelos* (maandazi ya kukaanga) ili uumuke. Mara nyingi huyaambatanisha na *tequesquite*, chumvi ya ziwani ambayo ni kama magadi yetu.

24. Ina faida gani mwilini? Na nani aiepuke?

Gramu 100 zina kalori 32 hivi, maji zaidi ya asilimia 90, na vitamini C miligramu 12 hivi. Ni chakula chepesi. Tusiipe sifa za dawa. Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo atahisi asidi yake, na ya kupikwa na parachichi itamfaa kuliko mbichi. Mwenye mzio wa nyanya au biringanya awe mwangalifu.

25. Nataka kuzifunga kwenye chupa zikae mwaka. Niongeze nini?

Ugwadu wake unadanganya. Asidi hutofautiana tunda hadi tunda, na chupa iliyofungwa yenye asidi pungufu inaweza kuotesha bakteria wa botulizimu, ambaye huua. Mwongozo wa Marekani wa kuhifadhi chakula nyumbani unataka tomatilo ziongezwe asidi kama nyanya: vijiko 2 vya mezani vya maji ya limau ya dukani, yale ya chupa, kwa kila chupa inayokaribia lita moja. Limau la kukamua mwenyewe halihesabiki, kwa kuwa ukali wake haujulikani.

Hiyo ni kwa tomatilo tupu. Salsa yenye kitunguu na pilipili ina asidi ndogo zaidi, na inahitaji kipimo kilichojaribiwa maabara. Kama huna, gandisha (swali la 12).

26. Nimepanda mche mmoja, umetoa maua tele na maganda matupu. Kwa nini?

Kwa sababu uko peke yake. Tomatilo haijichavushi: chavua ya mmea haifai kwa maua ya mmea huohuo. Panda miche miwili au zaidi iliyotokana na mbegu, siyo vipandikizi vya mche mmoja, na uwaache nyuki wafanye kazi. Iache nafasi ya karibu mita moja, kwa sababu hutawanyika sana, na usiipande palipotoka nyanya, biringanya au viazi, maana magonjwa yao ni mamoja.

27. Naweza kumtumia mama mbegu Tanzania au Kenya?

Usizifiche kwenye bahasha. Mbegu zinahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka. Kenya wahusika ni KEPHIS, Tanzania ni TPHPA, taasisi za serikali zinazosimamia afya ya mimea. Sheria hiyo inalinda mashamba ya nyanya ya watu wengi, kwa kuwa ugonjwa unaokaa kwenye tomatilo hukaa kwenye nyanya pia. Mtu akikamilisha taratibu hizo, mama apande angalau miche minne, kisha asubiri. Kuanzia siku ya kuhamisha miche ni kama miezi miwili na nusu hadi ganda la kwanza lipasuke.